Magurudumu Tuliyoyatoa

Nimevuta matrela miaka ishirini na nane na nimelala ndani ya trela miaka thelathini na moja, kwa hiyo mtu asije akanifundisha trela ni nini. Trela la magogo nililivuta kutoka huku milimani mpaka kiwanda cha mbao, hadi siku mgongo uliponikatalia. Trela la farasi, la boti, la majani makavu, yote nimeyafunga nyuma ya gari na kuyafungua. Na hili la kukaa watu ndilo ninaloandikia sasa, mezani jikoni: futi kumi na nne kwa sitini, la mwaka sabini na tisa, rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha.

Waliotaka kulivunja ni wakubwa. Wao hawachoki.

Mambo yalianza na barua. Bibi aliyekuwa mwenye uwanja wetu wa matrela alifariki, na wanawe, ambao hawajawahi kukanyaga tope la pale, wakauza. Kampuni iliyonunua ikataka kujenga maghala ya kukodisha, yale ambayo watu wenye vitu vingi kuliko nyumba zao huweka masofa na baiskeli. Baraza la kaunti likapiga kura, watatu kwa wawili, wakakubali. Kwa hiyo sofa la mtu wa mjini limepata mahali pa kulala, na sisi familia kumi na tisa tukabandikiwa karatasi mlangoni: ikifika Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa kumi, uwe umeondoa trela lako, la sivyo Jumatatu linavunjwa.

Wengi waliondoka kwa watoto wao na kuacha matrela yao hapohapo. Mimi nilikuwa na mahali pa kwenda. Ina Fay, dada yake marehemu mke wangu, ana ekari nne juu kilimani, maili nane tu, na aliniambia wazi, "Shemeji, lilete. Paa lako linavuja lakini wewe huvuji bado."

Nililitaka trela lile lile. Watu walinishauri nikachukue jipya la mkopo, na sikuwasikiliza. Jiko lile alilipaka rangi Oleta, mke wangu, kwa mkono wake. Pale kwenye ukingo wa mlango wa bafu kuna alama ya kidole gumba chake, aligusa rangi ikiwa mbichi. Na sakafuni, kati ya jiko na meza, ndipo alipolala siku ile ya mwisho. Sitaki tingatinga lipite hapo.

Sasa sikiliza ujinga wetu.

Trela la nyumba linakuja na magurudumu. Linakuja na ekseli mbili chini ya tumbo, na mbele kuna chuma cha kuvutia, kikubwa, kimefungwa mfano wa herufi A, ndicho lori linachokishika. Likishawekwa juu ya matofali ya saruji, mtu wa kwetu hufanya jambo moja akitaka majirani wajue ametulia: anayatoa magurudumu. Mwenye magurudumu bado ni msafiri. Aliyeyatoa amefika. Pale uwanjani ungeweza kuwajua wapya kwa chuma kilichochomoza mbele kama mdomo wa bata. Tulikuwa tunafanya hivyo juu ya ardhi ya kupanga, ardhi isiyo yetu hata kijiko kimoja, na hakuna aliyeliona hilo kuwa ni wazimu.

Oleta ndiye aliyenisukuma. Mwaka wa tatu aliniambia, "Harlan, chuma hicho kikiwa mbele mimi nalala ndani ya gari. Mama yangu hakunilea nilale ndani ya gari."

Nikakifungua, bolti sita, nikazitia kwenye kopo la kahawa. Chuma chenyewe Oleta hakutaka kitupwe. Alikichimbia wima mbele ya dirisha la jiko, ncha juu, akahamishia hapo waridi lake la kutambaa, jekundu lililokolea, lililotoka kwa mama yake. Baada ya miaka mitano huoni chuma tena.

Ekseli nazo nilimpa Burl Skaggs. Wakati huo Burl alikuwa jirani yangu, trela la pili kutoka langu, maskini mwenzangu, mcheshi. Tulibadilishana: yeye alileta mbao za mwaloni, tukajenga pamoja baraza la mbele kwa siku mbili, Oleta akituletea maharage na mkate wa mahindi. Yeye akachukua ekseli na magurudumu yake akatengenezea trela la kubebea majani makavu. Halafu akarithi shamba la mjomba wake, akanunua shati la kola, akagombea udiwani. Sasa huyo Burl ni mmoja wa wale watatu waliokubali tuvunjiwe.

Mkaguzi wa kaunti alikuja wiki moja kabla ya siku ya mwisho, binti mmoja anaitwa Bi Prater, buti safi, ubao wa kuandikia kifuani. Alizunguka trela langu, akachungulia chini, akasimama.

"Mzee Tackett, magurudumu yako wapi?"

"Yalistaafu kabla yangu."

Hakucheka. "Siwezi kukupa kibali cha barabara bila ekseli za uzito wake. Na chuma cha kuvutia lazima kiwe cha asili. Namba ya trela imepigwa pale. Bila namba, kwangu hili si trela, ni takataka yenye madirisha."

"Umesomea wapi kuongea hivyo?"

"Hayo ni maneno ya bosi wangu," alisema, akaona haya kidogo. "Mimi nakupa nafasi. Nitarudi Ijumaa saa mbili asubuhi. Ukiwa na namba na magurudumu, nasaini."

Nilimpigia Estill, mwenye lori la kuhamisha nyumba. Akasema ekseli za kipimo kile hakuna duka linaloziweka siku hizi, kuagiza ni wiki tatu. "Unajua zilipo zako?" akaniuliza.

Nilijua. Kila mwaka naziona zikipita barabara kuu. Lile trela la Burl la majani makavu ndilo analolipamba kwa gwaride la sherehe ya asali ya mtama, ile shira inayopikwa kwa mabua ya mtama, akae juu yake na mkewe, wapungie watu mikono. Diwani anapitishwa mjini juu ya magurudumu ya nyumba yangu. Na sherehe ilikuwa Jumamosi, siku moja baada ya siku yangu.

Siku tatu nilikaa bila kwenda kwake. Nilijiambia heri trela livunjwe. Siku ya nne, Jumatano, nilitengeneza kahawa, nikamiminia vikombe viwili, maana mkono wangu haujazoea hata baada ya miaka miwili. Nikavitazama vile vikombe, nikachukua kofia.

Burl alikuwa bandani kwake anafunga mabua ya mahindi pembeni mwa trela. Maboga yalipangwa tayari, thelathini na kitu.

"Harlan," akasema.

"Diwani."

"Zamani ulikuwa unaniita Burl."

"Zamani ulikuwa unaitika."

Akaifunga kamba yake polepole. Amenenepa. "Umekuja kuniambia nini?"

"Nimekuja kuchukua ekseli zangu."

"Zako? Nilikupa mwaloni mtupu, bwana. Baraza zima."

"Baraza lipo palepale, njoo ulichukue kabla ya Jumatatu. Kampuni yako italipiga tingatinga."

"Si kampuni yangu."

"Kura ilikuwa ya nani, ya mbuzi?"

"Harlan, kaunti haina hela. Wale walikuja na kodi. Ungekuwa wewe umekaa kwenye kile kiti—"

"Ningekuwa mimi ningekaa chini kama watu."

Hapo alicheka, kicheko chake cha zamani, na mimi kidogo kinitoke, nikakimeza. Halafu jambo ambalo sikuja kulisema likanitoka.

"Dakika hamsini na mbili, Burl."

Kicheko kilikwisha. Alijua nasema nini. Mwaka mmoja kabla Oleta hajaanguka, watatu walewale walipiga kura kaunti yetu iache kuwa na ambalansi yake, tutumie ya kaunti jirani. Nilipopiga simu siku ile ilikuwa mchana kweupe, jua linawaka, barabara kavu. Dakika hamsini na mbili.

"Najua," akasema. "Niliisoma ripoti."

"Mimi sikuisoma. Nilikaa nayo chini, jikoni."

Alinitazama, kisha akatazama maboga. Nilingoja aseme kaunti haina hela. Kama angelisema, ningegeuka niende zangu, na leo nisingekuwa ninaandika haya hapa. Lakini Burl alilichukua boga la kwanza akaliweka chini. Akachukua la pili.

"Simama hivyohivyo," akasema. "Mimi nina ngiri, nakufanyia kazi, wewe umesimama."

Tukashusha maboga. Tukashusha mabua na marobota ya majani makavu, tukaliinua trela kwa jeki mbili, tukafungua. Ekseli zangu zilikuwa nzima, zimetiwa grisi. Sikutegemea grisi. Tulifanya kazi karibu saa mbili, na maneno tuliyosema ni "shika," "lete spana" na "angalia mguu."

Tulipozipakia kwenye pikapu yangu akajifuta mikono. "Gwaride ni Jumamosi saa tatu."

"Utazipata."

"Nikiachwa juu ya jeki siku ya sherehe, mke wangu ataniua."

"Utazipata, nimesema."

"Na kura yako uchaguzi ujao?"

"Kura sahau."

"Nilitaka kujua tu," akasema, akaanza kuokota mabua.

Kikabaki kile chuma. Alhamisi asubuhi nilisimama mbele ya waridi na msumeno na mkasi wa bustani, na sikufanya kitu. Shina la chini lilikuwa nene kama kifundo cha mkono wangu, limejisokota kwenye chuma mara sijui ngapi, limekula mpaka tundu za bolti. Hutoi chuma bila kuua waridi. Nilizunguka huku, nikazunguka huku. Wale wakubwa hata hawakuhitaji kuja kunivunjia. Walinipa karatasi, nikawa mimi ndiye wa kuvunja kwa mkono wangu.

Ina Fay alifika na gari lake bovu, akashuka na mfuko wa viazi na sanduku la mitungi ya kioo, ile ya kuhifadhia nyanya. Ana miaka sabini na minne na sauti ya kuita ng'ombe.

"Shemeji, unalitazama tu au unalichumbia?"

"Siwezi kulikata, Ina."

"Kwa nini?"

"Ni la Oleta."

"Hebu toka hapo." Alinipokonya mkasi. "Unafikiri waridi hili lilikuwa linaachwa hivi? Kila mwezi wa pili Oleta alikuwa analikata mpaka vinabaki vijiti viwili. Kama kuku aliyenyonyolewa. Wewe ulikuwa barabarani na magogo yako, unarudi mwezi wa tano unakuta maua, unafikiri ni Mungu."

Miaka yote ile sikujua. Na tangu amekufa sikuligusa hata tawi moja, nikidhani ndiyo heshima, na kweli miaka miwili hiyo lilitoa maua machache, madogo, nikadhani linaomboleza.

"Halilii, lina njaa ya mkasi," alisema Ina Fay.

Alikata vijiti saba, virefu kama kalamu ya risasi, vyenye macho mazuri. Mimi nikatoboa viazi kwa bisibisi. Ndivyo wanavyofanya wanawake wa ukoo wao: kijiti cha waridi unakichomeka ndani ya kiazi kibichi ili kisikauke, unakizika na kiazi chake, unafunika kwa mtungi wa kioo mpaka majira ya kuchipua. Mama yao ndivyo alivyolitoa waridi hilo kwa mama yake. Oleta naye alilileta pale uwanjani limechomekwa kwenye kiazi, kwenye mapaja yake, ndani ya lori langu, siku ileile trela letu lilipoletwa. Hilo nililikumbuka wakati nimeshika kiazi cha tatu. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikamwambia Ina Fay.

"Alikuwa ananuka viazi njia nzima?"

"Alikuwa ananikataza kupita kwenye mashimo."

"Basi na kesho usipite kwenye mashimo," akasema. "Haya, leta msumeno."

Nililikata shina mwenyewe. Sitasema zaidi juu ya hapo. Chuma kilitoka ardhini jioni, kizito kama ng'ombe mdogo, kimevaa kutu na nyuzi za mizizi. Bolti sita zilikuwa bado kwenye kopo la kahawa, chini ya sinki. Tano zilikubali. Ya sita niliipiga nyundo.

Ijumaa saa mbili kamili Bi Prater alifika. Estill alishaleta lori. Ekseli zilikuwa chini ya tumbo la trela, magurudumu yamejaa upepo. Bi Prater akaandika, akaandika, akafika mbele.

"Namba iko wapi?"

Nikamwonyesha. Pale namba ilipopigwa palikuwa kutu tupu. Nilikuwa nimesugua kwa brashi ya waya tangu alfajiri, na zaidi ya pale ningesugua namba yenyewe iishe. Alichutama, akafuatisha kwa kidole.

Nikajisemea, haya ndiyo yale. Wamekaa ofisini kwao, wametafuta tundu la sindano, wamekuambia pita. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia, na mengine yasingefaa mbele ya Ina Fay.

Bi Prater alichana karatasi kwenye ubao wake. Akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kazi, akaibandika karatasi juu ya chuma, akaanza kuisugua kwa ubavu wa penseli, taratibu. Karatasi ikawa nyeusi, na ndani ya weusi zikaanza kutoka namba nyeupe, moja moja.

"Babu yangu alikuwa ananifundisha hivi makaburini," akasema. "Mawe ya zamani." Akainua karatasi kwenye mwanga. "Hii ya mwisho ni nane au tatu?"

Nilitaka kusema nane, maana ndiyo iliyoandikwa kwenye hati yangu. "Kusema kweli sioni," nikasema.

Aliitazama tena. Akatazama trela, na Ina Fay aliyekuwa amepakata sanduku la viazi kama mtoto wa kubatizwa. "Kwangu ni nane," akasema, akasaini.

Sikumshukuru vizuri. Nilimwambia buti zake zimechafuka. Nilikusudia shukrani, sijui kama alielewa.

Tuliondoka saa nne. Nilitangulia na pikapu, taa zinawaka, kibao cha mzigo mpana kimefungwa mbele, Ina Fay pembeni yangu na viazi saba mapajani. Kwenye kioo niliiona nyumba yangu inakuja nyuma yangu, inayumba kidogo kwenye kona, mapazia ya Oleta bado yako dirishani. Pale uwanjani tuliacha baraza limesimama peke yake, ngazi tatu zinazopanda kwenda mahali pasipo na kitu. Maili nane tulizienda kwa saa moja na nusu. Nilikwepa kila shimo. Kabatini kilivunjika kikombe kimoja tu, na kilikuwa changu.

Kufika jioni trela lilikuwa juu ya matofali, na chini ya ekseli zile nililala chali mara ya mwisho, nikafungua.

Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa bandani kwa Burl. Mkewe alinipa vimkate laini vya moto vyenye mchuzi mzito wa soseji, nikala nimesimama. Tulirudisha ekseli, tukapanga maboga. Yalipokwisha Burl akasema bila kunitazama, "Mwezi ujao nalirudisha lile suala la ambalansi barazani."

"Utapiga kura gani?"

"Njoo usikie."

"Nitakaa mbele kabisa," nikasema. "Nitakutazama."

Nilikwenda. Nilikaa mbele kabisa, na kofia yangu sikuivua. Burl alipiga kura ya ndiyo. Ndiyo ilishindwa, watatu kwa wawili: yeye alikuja upande wa wale wawili, lakini mmoja wao akahamia upande wa pili. Mpaka leo ninavyoandika kaunti haina ambalansi, na yeyote anayesoma haya akiwa amekaa kwenye kiti chochote cha kuamulia watu, ajue mimi nahesabu dakika.

Waridi: tulizika viazi saba chini ya mitungi saba. Viwili vilioza, vitatu vikachipua viazi tu, Ina Fay akacheka mpaka akakaa chini. Viwili vimeshika. Kimoja kina majani tisa.

Estill alinishauri nikiache chuma cha kuvutia mahali pake, mbele ya trela, na bolti zake zote. "Huwezi kujua," aliniambia. "Wakija tena uwe tayari." Ni ushauri wa mtu mwenye akili, na baridi yote nilikiacha hapo. Nilikuwa nakipita kila nikitoka kuchukua kuni, nikikigonga kwa goti.

Jana nilikifungua. Nimekichimbia wima mbele ya dirisha la jiko, ncha juu. Kopo la kahawa lenye bolti sita nimeliweka dirishani, ninaliona hapa ninapoandika. Mwezi wa pili mwakani Ina Fay atanionyesha pa kukata.